Chatu mchanga anayekataa kula

Ndugu, umeeleza kwamba chatu wako mchanga, wa aina ile ya Afrika Magharibi inayojiviringa kama mpira, amekataa chakula tangu umlete nyumbani wiki iliyopita, nawe unafikiria kumtilia panya hai. Nakusihi usifanye hivyo, kwa sababu panya aliyefungiwa pamoja na nyoka asiye na hamu ya kula anaweza kumng'ata vibaya sana. Mwache kwanza atulie bila kushikwashikwa, na uhakikishe kwamba upande wa joto wa kizimba chake umefikia nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, kwani mwili wake ukipoa chakula hakisagiki. Kisha chukua panya aliyegandishwa, ambaye unene wake hauzidi sehemu nene ya mwili wa nyoka, umyeyushe ndani ya friji usiku kucha, halafu umtie katika mfuko uliofungwa na kumzamisha ndani ya maji ya moto yasiyochemka, mpaka kichwa chake kiwe na joto ukikigusa. Maikrowevu isitumike kamwe. Mpe nyoka jioni kwa koleo ndefu, ukimtikisa panya huyo polepole. Akimeza, usimshike kwa saa 48, asije akatapika. Akikataa, jaribu tena baada ya wiki moja, na akianza kukonda mpeleke kwa daktari wa wanyama anayewajua nyoka.