Unataka kutengeneza gemu za mashine za zamani? Chagua moja, kisha soma maandishi

Vijana wanaonifuata pale Mwanga, hapa Kigoma, kuulizia habari za kutengeneza gemu za mashine za zamani huuliza karibu wote swali lilelile: kozi inapatikana wapi? Mimi sikupita kozi yoyote, na sioni kama unaihitaji. Kilichopo mtandaoni ni nyaraka, tena za kumwaga, zilizoandikwa na watu waliozifungua mashine hizi na kuzipima waya kwa waya miaka mingi baada ya watengenezaji kuziacha. Kazi ipo kwenye kuchagua. Mtu anapakua za Sega, za PlayStation, za Game Boy, simu inajaa, mwezi unaisha na hajaandika hata mstari mmoja wa programu.

Kwa hiyo chagua mashine moja, na iwe ndogo. Mimi nilishika Famicom ya Nintendo, iliyotoka Japani mwaka 1983, ambayo Marekani na Ulaya iliuzwa kwa jina la NES. Hapa kwetu wengi tuliijulia kwenye nakala za Kichina zenye kaseti za njano, zile zinazojisifu kuwa na gemu 9999 kumbe ni chache zinazojirudia. Kumbukumbu yake ya kazi ni kilobaiti 2 tu. Faida ya udogo huo ni kwamba unaweza kuijua mashine nzima, kona zote, bila kuwa mhandisi. Prosesa yake, yaani chipu inayotekeleza amri za programu, imetokana na 6502 ya kampuni ya MOS Technology, iliyotoka mwaka 1975, na hiyo ni miongoni mwa prosesa zilizoelezwa vizuri kuliko zote duniani.

Anzia hapo kwenye prosesa. Kuna somo linaitwa Easy 6502, la Nick Morgan, linalofanya kazi ndani ya brauza: unaandika amri za asembli, lugha iliyo karibu kabisa na ile ya prosesa yenyewe, unabonyeza, unaona vinukta vya rangi vikitokea na rejista, vile visanduku vidogo vya namba ndani ya prosesa, zikibadilika namba. Hata simu inatosha. Usilikimbie. Kaa nalo mpaka namba za msingi wa 16 (zinazohesabiwa 0 hadi 9 kisha A hadi F) zisikutishe, kwa sababu kila nyaraka utakayosoma baadaye imejaa namba hizo.

Kisha nenda NESdev Wiki, tovuti yenye nyaraka za mashine hii. Hapo ndipo penye utajiri wenyewe, na hapo ndipo wengi hukata tamaa kwa kuwa wanaanza kusoma kila kitu toka juu mpaka chini. Soma kwanza kurasa za PPU, chipu inayochora picha. Utakuta, kwa mfano, kwamba inaweza kushika vitu 64 vinavyotembea, yaani spraiti, lakini haichori zaidi ya 8 kwenye mstari mmoja wa skrini. Ya tisa haionekani. Ndiyo maana maadui wakijaa upande mmoja wanaanza kupepesa: waandishi wa gemu walikuwa wanabadilisha mpangilio kila fremu, yaani kila picha moja ya skrini, ili asipotee mmoja moja kwa moja, wapokezane kupotea. Sisi tulikuwa tunapiga kaseti pumzi tukidhani ina vumbi!

Jambo la pili la kusoma kwa makini ni ule muda mfupi ambao TV imemaliza kuchora mstari wa chini na inarudi juu. Huo ndio muda wa kuipelekea PPU picha mpya. Ukichelewa, skrini inavurugika. Kwenye mashine za Kijapani na Kimarekani muda huo ni mizunguko ya prosesa kama 2270, na kuhamisha spraiti zote peke yake kunakula zaidi ya 500. Ukishaelewa hesabu hii, gemu za zamani utaanza kuziangalia kwa jicho la fundi.

Vifaa vya kuandikia ni bure. Kuna cc65, yenye kompaila ya lugha ya C na asembla yake ca65, yaani programu za kugeuza ulichoandika kiwe amri za mashine, na kuna emuleta ya Mesen, programu inayoiga Famicom ndani ya kompyuta. Mesen ndiyo mwalimu wangu mkubwa. Unaisimamisha gemu katikati, unaangalia kila baiti kwenye kumbukumbu, unasogeza amri moja moja. Mashine halisi haikupi hilo. Laptop ya mtumba inatosha.

Kuhusu bando, ushauri wangu utawaudhi baadhi: acha video. Ni nzuri kukutia hamu, lakini saa moja ya video inaweza kula bando la kukupakulia nyaraka zote za mashine yako. Super Mario Bros. nzima, mpaka ngome ya mwisho, ni kilobaiti 40, ndogo kuliko picha nyingi unazotumiwa WhatsApp. Dunia hii ni nyepesi. Hifadhi kurasa kwenye simu au kompyuta kwa bando la usiku, mchana soma bila data. Kiingereza chake kisikutishe sana. Maneno ni machache na yanajirudia, na daftari lako mwenyewe la maana zake litakusaidia.

Upande wa vyuma, usiwadharau mafundi redio. Fundi wa Mwanga au Ujiji anayefungua redio kila siku huenda hajui PPU ni nini, ila anaijua 7805, ile rejuleta ya kushusha umeme uwe volti 5 iliyomo kwenye nakala nyingi za Kichina, na anajua kapasita iliyochoka ikoje. Kaa naye, shika mita, jifunze solda. Ukifungua nakala za miaka ya karibuni utakuta tone jeusi la gundi ngumu limefunika kila kitu, na hapo hakuna cha kusoma. Za zamani zaidi ndizo dili: baadhi zina chipu za UMC ya Taiwan zimepangwa wazi, UA6527P kwa prosesa na UA6538 kwa picha. Ukiziona, nunua mashine hiyo hata kama haiwaki. Ukipata mashine iliyotoka Japani, kumbuka chaja yake ni ya volti 100. Ukiichomeka kwenye ukuta wetu, imekwenda. Na TV ya chogo usiifungue bila fundi, ndani inaweza kubaki na umeme mkali hata baada ya kuzimwa.

Kama moyo wako uko kwenye Game Boy, sawa: soma nyaraka zake ziitwazo Pan Docs, tumia RGBDS, vifaa vya kuiandikia kwa asembli. Anayetaka kuandika kwa C na kuona matokeo haraka aende Game Boy Advance, ambako mafunzo ya Tonc na nyaraka za GBATEK vinatosha kabisa.

Najua kinachofuata: “Kaka, mbona hizo hazipo Kigoma, kilichojaa kwenye vibanda ni PlayStation 2?” Ni kweli, na inawezekana, ila isiwe ya kwanza. Ina kumbukumbu ya megabaiti 32 na prosesa zinazofanya kazi sambamba, utapotea. Ukishaandika gemu moja ndogo ya Famicom, rudi kwake na PS2SDK, vifaa vya bure vya kuiandikia programu. Utahitaji memori kadi yenye Free McBoot, programu inayoiruhusu mashine kuwasha kazi za watu binafsi, na programu yako utaiwasha kutoka kwenye flashi. Kabla hujamlipa mwenye kibanda anayeuza mashine yake, igeuze uangalie namba ya modeli: zile nyembamba za mwisho, zinazoanzia SCPH-900, nyingi hazikubali kadi hiyo.