Filamu za wasafiri: mtafute aliyebaki nyumbani

Nilikuwa na miaka 26 nilipoazima kompyuta ya rafiki yangu nikaangalia Into the Wild, filamu ya mwaka 2007 iliyoongozwa na Sean Penn. Kazi ilikuwa imeisha mwezi mmoja kabla, kodi ya chumba nadaiwa, na kila ndugu aliyepiga simu alikuwa na swali lile lile. Basi nikamwona Christopher McCandless, Mmarekani aliyemaliza chuo kikuu mwaka 1990, akagawa akiba yake ya dola 24,000 hivi kwa shirika la misaada, akaliacha gari jangwani, akaenda zake. Nililia. Kesho yake nilizima simu, nikapanda basi hadi Mombo, nikakwea Usambara mpaka Lushoto. Sikumuaga mtu.

Nilikaa gesti siku tisa. Ukungu wa asubuhi, vijia katikati ya mashamba ya kabichi, ukimya. Nilijiona nimepata dunia. Niliporudi nilimkuta mama amekonda. Walikuwa wametoa taarifa polisi, wamezunguka hospitali, na kaka yangu alikuwa ameingia mochwari mara mbili kufunuliwa maiti. Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, tulikukosea nini?"

Ninazipenda sana filamu za watu wa kweli waliosafiri wakajitafuta, na ningetamani uziangalie. Ninachokuomba ni kwamba usimkodolee macho msafiri peke yake. Mtafute aliyebaki nyumbani, na mtafute aliyempa msafiri chakula. Humo ndani wamo wote, ila ukiwa na hasira na maisha huwaoni.

Mimi niliwaona nilipoirudia filamu ile baada ya miezi kadhaa. Kumbe sehemu kubwa inasimuliwa na Carine, dada yake McCandless, mtu anayengoja simu isiyolia. Kumbe yupo mzee mpweke anayemwomba kijana akubali kuwa mjukuu wake, naye anamjibu kwamba watazungumza akirudi kutoka Alaska. Hakurudi. Aliingia porini Aprili 1992. Julai alipotaka kutoka, mto Teklanika ulikuwa umefurika, naye hakuwa na ramani ya kina. Alifia ndani ya basi bovu mwezi Agosti, akiwa na miaka 24. Pembeni ya kitabu alichokuwa akisoma alikuwa ameandika kwamba furaha huwa ya kweli pale tu unapoishiriki na wengine. Maneno hayo niliyasikia hata mara ya kwanza, lakini nilikuwa nimeshaamua kuondoka.

Wengi waliifuata njia yake. Wengine waliokolewa, na wawili walisombwa na mto ule ule wa Teklanika wakafa, mmoja mwaka 2010, mwingine 2019. Juni 2020 basi lile lilinyanyuliwa kwa helikopta likaondolewa porini. Kwa hiyo usiniambie filamu ni filamu tu.

Ukitaka kuona safari iliyoandaliwa, tafuta Tracks ya mwaka 2013. Robyn Davidson alivuka jangwa la Australia mwaka 1977, kilomita 2,700 hivi, na ngamia wanne na mbwa wake. Kabla ya hapo alikaa Alice Springs kama miaka miwili akifanya kazi kwa wafugaji ili awajue ngamia. Na katikati ya jangwa kuna mzee mwenyeji, Eddy, anayetembea naye na kumpitisha katika ardhi ya watu wake.

Ila iliyoniponya mimi ni The Motorcycle Diaries ya Walter Salles, ya mwaka 2004. Imetokana na shajara mbili, ya Ernesto Guevara, yule mwanamapinduzi aliyekuja kuitwa Che, na ya rafiki yake Alberto Granado, walioizunguka Amerika Kusini mwaka 1952 kwa pikipiki chakavu aina ya Norton. Pikipiki inawafia Chile, na kwangu hapo ndipo safari inapoanza, kwa sababu sasa wanalazimika kutembea, kuomba lifti na kula cha watu. Huko San Pablo, Peru, kwenye kambi ya wenye ukoma, masista wanawanyima chakula kwa kutohudhuria misa, na wagonjwa ndio wanaowaletea sahani kwa siri. Nilisimamisha filamu hapo. Nikakumbuka mama wa gesti kule Lushoto aliyekuwa akinigongea jioni na bakuli la maharage bila kuniuliza natoka wapi. Sikuwahi hata kumuuliza jina.

Guevara huyo huyo, Aprili 1965, alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda Kongo, akitumia jina la Kiswahili, Tatu. Niliposoma hilo nikapata safari yangu ya pili. Safari hii nilimwambia mama wiki mbili kabla, nikamwachia ratiba ya treni, na nikanunua daftari. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200. Nilikaa daraja la tatu makusudi. Kila usiku, kwa mwanga wa simu, niliandika kwanza aliyenilisha: mama aliyenimegea kuku, kijana aliyenionjesha asali ya Tabora. Niliuliza majina yote. Fanya hivyo na wewe, hata kama safari yako ni ya kwenda wilaya ya jirani.

Kigoma nilifika nimechoka hasa. Mezani waliniletea ugali wa muhogo na migebuka iliyoungwa kwa mawese. Kabla sijanawa, simu ikaita.

"Umefika? Umekula nini?"

Nikamhadithia mama, tangu kituo cha kwanza, mpaka ugali ukapoa.