Kuhusu ada iliyobaki

Mwanangu,

Umeniuliza umpigie Baba Mdogo akumalizie ada au ukate rufaa kwanza, maana Bodi ya Mikopo imekupa nusu tu. Hela anayo, tunajua wote.

Mimi chuo cha ualimu nililipiwa na mjomba wangu wa Kariakoo. Babu yako alinipeleka dukani kwake, tukakalishwa juu ya magunia ya mchele tangu asubuhi, wateja wanatupita, babu yako kofia mkononi kama mwizi wa kuku. Jioni mjomba akatoa zaidi ya tulichoomba. Zaidi! Basi tangu hapo haukupita msiba wala harusi bila watu kusimuliwa. Kwenye sherehe yangu ya kuagwa alishika maiki: "Huyu nimemsomesha mimi!" Ukumbi ukapiga vigelegele. Babu yako aliinamia sahani ya pilau, hakuigusa. Yangu nilishasamehe, ya babu yako bado.

Ndiyo maana nawaambia kila siku: omba kwenye karatasi kabla hujaomba sebuleni kwa mtu. Dada yako analalamika Bodi inamkata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Sawa, inauma. Lakini kuna afisa wa Bodi aliyekuja kushika maiki harusini kwake?

Ingawa bila yale magunia ningekuwa wapi? Nyinyi wote mmekula mshahara wa ualimu. Na Baba Mdogo si mjomba. Sekondari alilipiwa na marehemu baba yako, kwa hiyo kwake wala usingekuwa unaomba, ungekuwa una... Haya, naishia hapo. Wewe ni mtu mzima, sikuamulii. (Ila maiki naye anaipenda. Uliona kwenye arobaini.)

Rufaa huombewa kwenye akaunti ileile uliyoombea mkopo, dirisha likifunguliwa. Safari hii ambatanisha cheti cha kifo cha baba. Mwanzo hukukiweka kwa kuwa RITA, wale wa kusajili vizazi na vifo, walikuwa hawajakihakiki. Sasa tayari. Bodi wanaangalia uhitaji, na yatima asiye na cheti kwao ni mtoto wa wazazi wawili.

Kiko kwenye bahasha ya kaki, juu ya kabati. Pita Jumamosi. Nitakuwa kwenye kikoba hadi saa nane, nitawagusia na habari ya mkopo mdogo. Ufunguo uchukue kwa jirani.

Mama yako