Kabla Hujamuua Mtu Mikindani

Wadogo zangu mnaoandika riwaya za upelelezi, nimemaliza kusoma miswada mliyoniletea. Hongereni, Kiswahili kimenyooka. Lakini nani kawaambia mpelelezi mstaafu wa Lindi anavaa koti refu? Joto lote lile! Mmemvisha koti, mmempa kiko, na mji mzima unamtii kama vile hajastaafu. Haya, tuelewane.

1. Mstaafu hana jalada la kesi. Hawezi kupekua nyumba wala kumwandika mtu maelezo ya onyo. Alichobaki nacho ni midomo ya watu, na vijana aliowafundisha kazi. Mmoja wao sasa ndiye OC-CID, mkuu wa upelelezi wa wilaya. Bado anamwita afande, huku akimkwepa. Utamu wote uko hapo, nyinyi mnauruka! Katika muswada mmoja muuaji anakiri mbele ya mzee kilabuni, sura inayofuata keshafungwa maisha. Mahakama Kuu ilikaa lini? Mwingine mtuhumiwa wake katoka kwa dhamana: kesi ya mauaji haina dhamana, mrudishe mahabusu. Na huyo mzee wa kilabuni anakunywa uraka, pombe ya mabibo ya korosho, mwezi wa tano. Mabibo ya mwezi wa tano kayatoa wapi?

2. Maiti. Pwani huku mtu akifa alfajiri, alasiri keshazikwa. Anayetaka ushahidi upotee hahitaji tindikali, anahitaji sanda na majirani wema. Kufukua ni mpaka amri ya mahakama, na mzee wenu akianza kuitafuta amri hiyo, nusu ya mtaa haitamsalimia. Sampuli nazo zinakwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Majibu hayarudi na bodaboda ileile.

3. Maji. Hapa nina kidonda.

Muuaji katika muswada wangu wa kwanza alikuwa mwenye duka. Usiku wa harusi, saa nne, mwezi mpevu, anampakia marehemu kwenye mtumbwi, anavuka Ghuba ya Mikindani hadi kwenye mikoko, anamtupa, kisha anarudi kucheza ngoma mbele ya watu watakaoapa kwamba hakuondoka. Ukurasa ule niliupenda kupita kiasi. Maji yanang'aa, kasia halisikiki. Nilimsomea kila aliyekaa karibu nami, na mchapishaji akausifu.

Siku moja mzee mmoja mvuvi wa palepale akaomba asikie, maana aliambiwa mji wake umetiwa kitabuni. Nikamsomea barazani huku akiziba wavu. Nilipofika kwenye mtumbwi, sindano ikasimama.

"Mwezi mpevu?"

"Ndiyo, mzee."

"Saa nne usiku?"

"Saa nne."

"Sasa mwanangu, huo mtumbwi aliubeba kichwani?"

Kila mtoto wa pale anajua. Mwezi ukiwa mpevu, na ukiandama vilevile, ni bamvua, maji makubwa: hujaa mnamo saa kumi na hupwa mnamo saa nne. Saa nne ya usiku ule, mahali nilipomwogelesha muuaji wangu pana tope na kaa. Mimi niliyekulia Mtwara Mjini, samaki nikimjulia sokoni, sikuwahi kuuliza.

Nikajaribu kuokoa jahazi. Nisogeze saa? Saa kumi alfajiri harusi imekwisha, na watu wa swala wanakaribia kuamka. Nisogeze tarehe hadi maji mafu, siku maji yanapojaa na kupwa kidogo tu? Maji ya saa nne nimeyapata, lakini mwezi ni nusu na unaelekea kuzama, na shahidi wangu wa sura ya sita alimtambua muuaji kwa mbalamwezi. Nikimwondoa shahidi, sura ya tisa haina kazi. Nilivyozidi kuvuta ndivyo ilivyozidi kufumuka. Kumpigia mchapishaji simu nilishindwa. Nilimwandikia ujumbe, na nikazima simu. Karibu nusu ya muswada ilikwenda na maji, maji ambayo hayakuwapo.

Mwishowe nilimwacha muuaji akwame. Akakaa topeni na maiti yake akisubiri maji yapande, akachelewa ngoma, akarudi na kanzu nyingine. Mpelelezi mstaafu, mtoto wa mvuvi, akahesabu siku za mwezi kwa vidole.

4. Korosho. Acheni kuficha fedha za mavuno chini ya kitanda. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007, mzigo unakwenda chama cha msingi, unangoja mnada, na siku hizi malipo yanaingia akaunti. Mnataka sababu ya kuua? Kangomba, yaani kununua korosho za mkulima kwa magendo, kwa bei ya kutupa. Chukueni Novemba 2018: Serikali imetangaza kununua kilo kwa shilingi 3,300, magari ya jeshi yanasomba mzigo, wakulima wanahakikiwa, na kuna bwana ana magunia ghalani lakini hana hata mkorosho mmoja. Anamhitaji mwenye shamba aseme mzigo ni wake. Mwenye shamba akikataa, au akikubali kisha akadai nusu? Riwaya nzima hiyo, nanyi mnaniletea almasi zilizoibwa!

5. Muuaji asiwe mgeni aliyeshuka na basi la Dar. Huo ni uvivu.

6. Wekeni namba za kurasa. Muswada wa mmoja wenu ulipeperuka barazani kwangu, na mpaka leo sijui nani alikufa kwanza.