Holi chekechea: rangi ya unga hairushiwi watoto

Usilipie hizo kilo 5 za rangi, Mwalimu. Umesema watoto wako ni 20, wa miaka 3 na 4, unataka washerehekee Holi, ile sikukuu ya Wahindu ya kupakana rangi, hapo shuleni Mombasa, na umeuliza ununue rangi kiasi gani, vitafunio vipi na wavae nini. Naanza na rangi, maana hapo ndipo nilipokosea mimi, na waliokohoa ni watoto wa watu.

Rangi ya unga hairushwi chekechea, hata uwanjani. Unga ule ni laini mno, na mtoto akiurusha unaelea kwenye kimo chake yeye, si chako. Mtoto wa miaka 3 hupumua haraka kuliko mtu mzima, tena hapo anacheka mdomo wazi. Muda si muda ni kikohozi, macho yanafikichwa kwa mikono iliyojaa rangi ileile, na mwenye pumu ndiye wa kwanza kukosa pumzi.

Aliyeniuzia aliniapia kuwa ni ya chakula, mtoto hata akilamba hadhuriki. Neno hilo linaniudhi mpaka leo. Kulamba ni kitu kimoja na kuvuta puani ni kingine! Wanga wa mahindi, ule unaotengenezewa rangi hizo, unaliwa, lakini ukitanda hewani ni vumbi, na vumbi hilo hushika moto. Taiwan, Juni 2015, wanga wa rangi uliorushwa kwenye tamasha ulilipuka. Watu 15 walifariki na mamia wakaungua. Sasa wewe jiko la gesi la uji liko hatua ngapi kutoka uwanjani? Na kuna rangi zisizo za chakula kabisa. Inayometameta au kunuka kama rangi ya ukuta hata usiiguse.

Kanuni yangu ni hii: rangi itoke jikoni, iwe ya majimaji, ipakwe kwa mkono, na ikome shingoni.

Chukua kikombe 1 cha unga wa mchele, ule wa vibibi, na vikombe 4 vya maji. Koroga motoni mpaka uwe uji mzito, uuache upoe kabisa, kisha ugawe. Ya manjano: nusu kijiko cha chai cha bizari ya manjano kwa kila kikombe cha uji, usizidishe. Nyekundu: paruza bitiruti, kamua kwa kitambaa, tia vijiko 3 vya chakula. Uji ukiwa wa moto wekundu wake hufifia, ndiyo maana nasema upoe. Kijani: saga mchicha, uchuje. Pika asubuhi ileile, kwani kwa joto la Machi uji wa jana unachacha. Siku moja kabla, pika kidogo cha kujaribu, umpake kila mtoto tone moja mkononi, uangalie kama atawashwa.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia: manjano yakikutana na sabuni ya kipande hugeuka mekundu. Mzazi anaogesha mtoto jioni, anaona wekundu, anadhani ni damu. Kwa hiyo waambie wazazi mapema. Wapake watoto mafuta ya nazi kabla ya kuanza, mkimaliza wafuteni kwa maji matupu, sabuni mwisho. Nguo ziwe kuukuu, na doa la manjano lianikwe juani, litafifia.

Fanya saa tatu asubuhi, jua halijawa kali. Mwaka 2025 Holi iliangukia 14 Machi, ndani ya Ramadhani, na mwalimu aliyefunga hawezi kukimbizana na watoto saa sita mchana. Vitafunio viwe laini, bila lozi wala korosho. Gujia, yale maandazi matamu ya Holi yaliyojazwa ndani, mara nyingi huwa na hivyo, kwa hiyo uliza kabla ya kununua.

Weka ndoo 2 za maji safi na kata ya kuchotea pembeni. Rangi ikiingia jichoni, mwagia maji taratibu kwa dakika 15, asifikiche. Likibaki jekundu, mpeleke hospitali. Na kama umeshamlipa muuzaji, zirudishe leo. Akikataa, iache hiyo pesa ipotee.