Dishi la setilaiti na ufito wa FM
Umeuliza kwa nini dishi la sentimita 90 hulenga setilaiti moja tu angani, ilhali redio ya FM hutosheka na ufito mtupu. Wimbi la setilaiti la gigahezi 12 lina urefu wa sentimita 2.5, hivyo upana wa dishi ni mara 36 ya wimbi lenyewe na mwale wake, yaani kipande cha anga ambacho dishi hupokea mawimbi kutoka kwacho, hubanwa hadi nyuzi 2 hivi. Ndiyo maana fundi akilisogeza kidogo tu juu ya bati, picha hupotea. Wimbi la FM la megahezi 100 lina mita 3: ufito wa sentimita 75, yaani robo yake, hulipokea vizuri kutoka pande zote, lakini kulibana kwa wembamba uleule kungehitaji dishi la mita 108, na sijui paa la kulibeba.