Maswali yako ya mtihani wa pamiti: nakujibu mimi niliyefelishwa kwenye alama ya STOP

Dada, nimesoma maswali yako mara mbili kabla ya kujibu. Umesema uko Koboko, hapa Uganda, una pamiti (leseni ya udereva) ya mwanafunzi, mtihani umebakiza wiki tatu, na mambo matatu yanakunyima usingizi. Kuna bwana amekuambia ulete pesa upewe pamiti bila kufanya mtihani. Unaogopa mizunguko ya Kampala, zile raundabauti. Na gari linakuzimikia mlimani. Nitayajibu yote, ila hilo la kwanza limeniuma, kwa hiyo nitakaa nalo zaidi.

Mimi niliendesha boda Arua miaka sita bila pamiti. Breki nilizijua, gia nilizijua, na njia zote za panya za mjini nilizijua. Alama za barabarani nilizipita kila siku bila kuzisoma. Nilipotaka kuhamia kwenye gari ndipo nikaenda kujifunza, na mzee aliyenifundisha, Mnubi wa Bombo aliyezeekea kwenye malori, hakunipa usukani siku ya kwanza. Alinikalisha chini ya mwembe, akachora njia panda mchangani kwa kijiti, akapanga vizibo vya soda. Chekundu ni wewe, cha kijani ni lori, cha njano ni boda. "Nani anatangulia?" Nikasema lori, maana ni kubwa. Akafuta mchoro kwa kiganja, akachora mwingine. Tulikaa pale mpaka adhuhuri, na majibu yangu yalikuwa yaleyale: anatangulia mkubwa, anatangulia mwenye haraka, anatangulia mwenye honi kali. Mzee hakunifokea hata mara moja. Alikuwa anafuta na kuchora tu.

Sasa huyo bwana wako. Utaratibu ni huu: unachukua pamiti ya mwanafunzi, unajifunza na mwalimu mwenye idhini huku gari limebandikwa bango la L, unapimwa na mkaguzi wa magari wa polisi, ukifaulu unapewa cheti, ndipo unalipia URA, mamlaka ya kodi, na kwenda kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Anayekuambia kuna njia ya kuruka pale katikati anakuuzia karatasi ya kughushi yenye jina lako na picha yako. Yeye hayumo ndani yake. Siku ukigonga mtu, hata kama kosa si lako, wa kwanza kuulizwa umeipataje hiyo pamiti ni wewe. Na kugonga si jambo la mbali: ripoti ya polisi ya mwaka 2024 ilihesabu watu 5,144 waliokufa barabarani nchini mwetu. Ni watu kama 14 kila siku, na wengi wao ni waenda kwa miguu na wa pikipiki, yaani mama zetu wanaotoka shambani na vijana wetu wa steji za boda. Nakuomba sana, pesa hiyo nunulia masomo zaidi ya kuendesha.

Mimi mwenyewe mtihani wa kwanza nilianguka. Afande aliniuliza kwa Kiswahili, kwa hiyo lugha haikuwa kizingiti. Nililizunguka gari vizuri kabla ya kupanda: matairi, taa, maji, oili, pembetatu mbili za tahadhari. Vioo nikarekebisha, mkanda nikafunga. Tukaenda. Tukafika kwenye STOP ya kuingilia barabara kubwa, nikatazama kulia, nikatazama kushoto, hakuna hata baiskeli. Nikapunguza mwendo nikapita polepole. Afande akasema, "Paki pale." Nikapaki. "Umeona nini nyuma?" Nikasema STOP. "Umefanya nini?" Nikasema nilipunguza, afande, barabara ilikuwa tupu. Akaandika kwenye karatasi yake, akaniambia nirudi siku nyingine.

Nilikasirika wiki nzima. Mzee ndiye aliyenielewesha. Alama ya pembetatu iliyopinduliwa, ncha chini, inakuambia umpishe mwenye njia; ukiona hakuna mtu unaweza kuendelea bila kusimama. STOP ni magurudumu yasimame kabisa, hata kama mwezi mzima hajapita mtu. Huwekwa mahali ambapo macho ya gari linalotembea hayatoshi: kuna ukuta, kuna kona, kuna mti. Wewe unaona patupu kwa sababu boda inayokuja iko nyuma ya ule mti. Halafu akanionyesha jambo ambalo sijawahi kulisahau. Alitwaa tope, akapaka maandishi ya STOP iliyokuwa imechorwa kwenye kibao chake cha kufundishia, akauliza kama bado naijua. Ina pembe nane, na hakuna alama nyingine ya barabarani yenye pembe nane. Ya kupisha ndiyo pembetatu pekee iliyosimama juu ya ncha. Zimetengenezwa hivyo makusudi ili uzitambue hata zikiwa zimefunikwa na vumbi, au ukiziona kwa nyuma na kujua kwamba anayetoka upande ule ndiye anayetakiwa kukupisha wewe. Kwa barabara zetu za vumbi jekundu, hilo ni la kushika. Ukishashika maumbo, nyingine zinaingia zenyewe: pembetatu ya ncha juu yenye ukingo mwekundu inaonya, duara la ukingo mwekundu linakataza, duara la buluu linaamuru, mstatili unakupa habari.

Upande wa kushika barabara, hapo nisikilize vizuri kwa sababu uko Koboko. Uganda tunashika kushoto. Kongo wanashika kulia, Sudan Kusini wanashika kulia, na wewe unaishi pale nchi tatu zinapokutana. Miaka michache baada ya kupata pamiti nilikuwa naendesha pikapu ya tajiri wangu, nikalala Aru, upande wa Kongo, siku mbili. Asubuhi nikavuka mpaka wa Vurra kurudi nyumbani, nikasimama kunywa chai, nikarudi barabarani. Barabara tupu, ukungu kidogo. Nikashika kulia kama nilivyoshika kwa siku mbili, wala moyo haukunishtua. Mbele kulikuwa na mama amebeba beseni la mihogo kichwani, anatembea ukingo wa kulia, na hivyo ndivyo inavyotakiwa: mwenda kwa miguu atembee akiyakabili magari yanayokuja, ayaone usoni. Mama huyu alifanya kila kitu sawasawa. Hakuwa na sababu yoyote duniani ya kutazamia gari kutoka mgongoni mwake upande ule. Alisikia injini dakika ya mwisho, akajirusha mtaroni. Beseni likaanguka, mihogo ikatapakaa kwenye lami.

Nilishuka nikaiokota naye, mikono ikinitetemeka hata siwezi kushika. Hakuumia, Mungu mkubwa. Aliniuliza swali moja tu: "Baba, wewe ulikuwa unatoka wapi upande huo?" Hapo ndipo vizibo vya mzee viliponiingia. Yule mama alikuwa ameniamini bila kunijua. Aliutoa mgongo wake kwa sababu sheria ilimwambia hakuna atakayekuja kutoka kule.

Dawa ya kukosea upande ni hii, nimeitumia tangu siku ile: kwenye gari la usukani wa kulia, wewe dereva ndiye uwe karibu na katikati ya barabara, na abiria wako awe karibu na majani. Kila ukitoka kituo cha mafuta, kila ukikata kona, kila ukiondoka ulipopumzika, jiulize nani yuko karibu na majani. Ukikuta ni wewe, umepotea upande. Na ukiona lori linatoka Oraba, mpaka wa Sudan Kusini, au mpaka wa Kongo, mpe nafasi ya kukosea, hasa asubuhi na hasa kwenye kona.

Mizunguko ya Kampala isikutishe. Kwa kuwa tunashika kushoto, magari huzunguka kama mshale wa saa, na unampisha aliyemo ndani, yule anayekujia kutoka kulia kwako. Ukitaka njia ya kwanza ya kushoto, ingia mstari wa kushoto na indiketa ya kushoto tangu mwanzo. Ukienda moja kwa moja, ingia bila indiketa, ukishapita njia iliyo kabla ya yako washa ya kushoto. Ukienda kulia, ingia mstari wa ndani na indiketa ya kulia, kisha ubadilishe kuwa ya kushoto kabla ya kutoka. Chora mchangani, tafuta vizibo, cheza hata na watoto nyumbani. Utaliona jambo moja: ukiwa Kampala, mara nyingi trafiki wa nguo nyeupe atakuwa amesimama katikati akiongoza kwa mikono ingawa mataa yanawaka. Mkono wa trafiki unashinda taa, na taa inashinda alama. Taa ya kijani ikiwaka na trafiki amekuinulia kiganja, unasimama. Swali hilo hupendwa kwenye mtihani.

Kitu ambacho hutafundishwa vya kutosha nitakuambia mimi kwa sababu nilikuwa boda. Ukitaka kukata kushoto kwenye foleni, sisi tunakuwa tayari tuko kushoto kwako, kati ya mlango wako na mtaro, pale ambapo kioo cha pembeni hakioni. Tunapita hapo kwa sababu hapo ndipo penye nafasi. Washa indiketa mapema, tazama kioo, kisha geuza shingo utazame kwa macho, ndipo ukate. Na ukipaki, fungua mlango kwa mkono ulio mbali na mlango. Mwili utageuka wenyewe na utaona anayekuja nyuma. Nimeshuhudia mwenzangu wa steji akigongana na mlango uliofunguliwa ghafla. Kofia ngumu ndiyo iliyomwokoa.

Halafu lugha ya malori. Utakapoanza safari ndefu, Pakwach, Karuma, kwenda chini, utakuta lori mbele yako linakuwashia indiketa. Madereva wengi humaanisha kulia ni usipite, kuna gari linakuja, na kushoto ni pita. Lakini indiketa ya kulia ni pia ya mtu anayekata kulia, na ya kushoto ni ya mtu anayetaka kusimama. Dereva wa lori anakusaidia kwa roho safi, namshukuru, ila haoni unachokiona wewe na wala hajui gari lako lina nguvu gani. Ovateki kwa macho yako mwenyewe. Kwenye kilele cha mlima, kwenye kona na palipo na mstari usiokatika katikati, baki nyuma hata kama lori limebeba mawe na linatambaa. Na ukiona matawi mabichi yametupwa kwenye lami, ondoa mguu kwenye mafuta papo hapo: mbele kuna gari limekufa. Sheria inataka pembetatu, wewe weka pembetatu, lakini ujue kusoma na majani.

Mwendo: mjini 50, mbele ya shule na hospitali palipoandikwa 30 ni 30, na kwenye lami ya safari ndefu gari dogo lisipite 100. Mzee alinifanya nihesabu hatua. Kwa 50 gari linatembea mita 14 kila sekunde, kwa 100 ni mita 28, na hizo unazimaliza kabla mguu haujagusa breki. Baada ya hapo, mwendo ukiwa maradufu, umbali wa kusimama kwa breki unakuwa mara nne. Mvua ikinyesha unaongezeka tena. Chagua nguzo ya umeme. Gari la mbele likiipita, hesabu sekunde mbili, na kwenye mvua nne. Ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, umemkaribia mno. Pombe hata usiiguse siku ya kuendesha. Kawunyemu, polisi wa kupima pombe, hawachagui saa.

La mwisho, mlimani. Tafuta kilima kisicho na magari, nenda na mwalimu wako asubuhi. Vuta handibreki, ingiza gia ya kwanza, tazama vioo, kanyaga mafuta kidogo, kisha achia klachi taratibu mpaka usikie sauti ya injini inazama na pua ya gari inainuka kama inataka kuondoka. Hapo shikilia miguu yote miwili, usiguse kitu, hesabu moja mbili. Gari litasimama lenyewe bila kurudi. Ndipo uachie handibreki. Wengi gari linawazimikia kwa sababu wanaachia handibreki na klachi kwa pamoja kwa hofu ya aliye nyuma. Fanya mara ishirini kwa siku, hata mguu ujue wenyewe.

Likizima mbele ya afande, kanyaga breki, vuta handibreki, rudisha gia huru, washa, tazama vioo tena kama mwanzo, anza. Mimi siku niliyofaulu lilinizimikia mara moja, kwenye kilima kilekile nilichofanyia mazoezi. Nikafuata hatua zote polepole, afande akiwa kimya pembeni, na tulipofika kwenye ile STOP nikasimamisha magurudumu kabisa. Barabara ilikuwa tupu kama siku ile ya kwanza.